Mama Mektilda Kalisti, Fundi wa Askari Wadogo wa Nyahanga

Baba Paroko, wazee wetu, majirani wa Nyahanga, nanyi mliosafiri kutoka Ushirombo, Kharumwa na Geita: kabla hatujamlaza mama, tunaomba mtusikilize kidogo tuwaeleze alikuwa nani. Wengi wenu mnamjua kwa sehemu moja tu ya maisha yake, na zilikuwa nyingi.

Mektilda Kalisti, ambaye wengi tulimwita Mama Vumilia, alizaliwa tarehe 14 Aprili 1956 huko Ushirombo, Bukombe. Baba yake, Mzee Kalisti, alikuwa katekista na mkulima wa pamba, na mama yake alikuwa Bibi Hosiana. Watoto waliokua katika nyumba ile walikuwa wawili tu, yeye na kaka yake Gregory, aliyemzidi miaka miwili. Gregory alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Nyanya yao alikuwa akimfunga mkono huo kwa kitambaa wakati wa kula ili ajifunze adabu, na Mektilda, akijifanya anapeleka maji ya kunawa, alikuwa akikifungua. Kwa kosa hilo walichapwa wote wawili, na mama aliisimulia habari hiyo kwa furaha hadi uzeeni.

Alisoma Shule ya Msingi hapo hapo Ushirombo kuanzia mwaka 1964 na kumaliza darasa la saba mwaka 1970. Baada ya kuwasaidia wazazi shambani, alipata mafunzo ya uuguzi msaidizi kwa masista, akahitimu mwaka 1975.

Mwaka huo huo aliajiriwa Kahama, na hospitalini alipangiwa chumba ambacho wengine walikikimbia kwa sababu ya vumbi lake jeupe: chumba cha plasta, wanakofungwa hogo waliovunjika mikono na miguu. Yeye alikipenda. Kwa zaidi ya miaka arobaini alilowanisha bandeji, akazizungusha, akazilainisha kwa kiganja mpaka zikafuata umbo la mguu wa mtu. Vijana walioangukiwa na mawe mashimoni Kharumwa, watoto walioanguka kutoka kwenye miembe, akina mama waliogongwa na baiskeli, wote walipita mikononi mwake. Tangu juzi watu wanakuja nyumbani, wanapandisha suruali na kutuonyesha mguu ulionyooka. "Huu ni wa mama yenu," wanasema.

Gregory alijiunga na Jeshi la Wananchi mwaka 1974. Novemba 1978 alipelekwa Kagera, na Machi 1979 taarifa ililetwa nyumbani kwamba ameanguka vitani. Amezikwa Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita hivyo, pamoja na wenzake. Hakuacha picha hata moja akiwa amevaa sare. Bibi Hosiana alikuwa akisema jambo moja kila alipotajwa: anajua mwanawe alikuwa askari kwa kuambiwa, maana yeye hakupata kumwona akiwa na sare.

Mwaka 1981 Mektilda alifunga ndoa na Bwana Abel Bujiku katika Kanisa la Ushirombo, wakajenga hapa Nyahanga. Baba alikuwa fundi wa karasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu, akizitengeneza huku na huko mpaka Kharumwa. Mungu aliwajalia watoto wanne: Vumilia, Telesphori, Lusia na Innocent. Baba alitutoka mwaka 2004. Tupa zake ndogo, koleo na jiliwa vilibaki mezani kwake, na mama hakuviacha vishike kutu.

Kazi ambayo imewaleta wengi wenu hapa ilianza mwaka 1993. Baba alinunua mnadani furushi la mitumba, na ndani yake kulikuwa na mfuko wa askari wa plastiki, wanasesere wa kijani wasiozidi urefu wa kidole cha kati. Watoto tulianza kuwapiganisha sakafuni. Mama alimwokota mmoja, akamtazama muda mrefu, akamwambia baba kwamba huyu ni mgeni, kofia yake ya chuma si ya kwetu na begi lake si la kwetu, lakini miguu yake ni ya mtu yeyote.

Alianza naye, akitaka kumgeuza awe Gregory. Alimkata kichwa kwa wembe uliopashwa moto, akakigeuza upande. Kofia aliikwangua kwa tupa ikaisha, akajenga nyingine kwa gundi ya kuchanganya ya tyubu mbili, akiichonga kwa sindano kabla haijakauka. Mkono aliupasha joto akaukunja upya. Mkanda wa bunduki ulikuwa uzi, na begi la mgongoni kipande cha bandeji ya plasta kisichozidi ukucha. Hapo akakwama, kwa sababu naye hakuwahi kumwona kaka yake akiwa kazini.

Basi akapanda gari kwenda Geita, mtaa wa Kalangalala, kwa Mzee Amosi, askari mstaafu aliyekuwa kombania moja na Gregory. Mzee Amosi, ambaye leo yuko nasi, anakumbuka kwamba alinyanyuka kwenye kiti, akachukua mwiko wa ugali kwa mkewe, akauning'iniza begani kuonyesha Gregory alivyobeba bunduki yake ya SMG. Aliuweka bega la kushoto. Alimweleza mama kwamba Gregory alilenga kwa kushoto, kwa hiyo maganda ya risasi yalimruka mbele ya uso, wenzake wakimcheka, naye hakubadilika. Mama alilia pale pale sebuleni. Kisha akaomba aonyeshwe tena, polepole, na suruali iliingiaje kwenye buti.

Askari yule alikamilika mwaka 1994. Bibi Hosiana alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, kwa hiyo mama hakumwambia kitu, alimwekea tu kiganjani. Bibi alimpapasa kuanzia chini: buti, mkanda, begi. Alipofika kwenye bunduki vidole vikasimama.

"Huyu ni wa kushoto," alisema. "Huyu ni wangu."

Alikaa naye miaka mitano, na mwaka 1999 alizikwa naye.

Tangu hapo familia nyingine zilianza kuja, wakiwemo waliopoteza kijana Kagera na wale ambao babu yao alikuwa Keya, askari wa jeshi la Mwingereza, akaenda vita vya Bama kule Asia na kofia pana iliyopinduliwa upande mmoja. Mama hakumtengeneza mtu kabla ya kuuliza. Aliuliza alitembeaje, alivuta tumbaku, alikuwa na kitambi, alicheka kwa kufunga mdomo? Mara moja mtu mkubwa mmoja alimwomba amtengenezee jenerali. Mama alimkatalia kwa upole, akasema wenye vyeo wana picha zao ukutani.

Hatuwezi kusoma wasifu huu tukauruka mwaka 2008, na mama mwenyewe asingetaka. Ninyi mnajua miaka ile ilivyokuwa katika mkoa wetu kwa mwanamke mjane, mwenye macho mekundu, aliyefunga mlango wake: aliitwa mchawi, na wengine waliuawa kwa hilo. Macho yake yalikuwa mekundu kwa gundi na kwa kuchora vifungo vya shati kwa brashi ya nywele chache. Mlango aliufunga kwa sababu vumbi huharibu rangi mbichi. Lakini ilisemwa mtaani kwamba ana watu wadogo ndani. Ilisemwa kisimani, kisha sokoni, kisha hata hospitalini. Vumilia alikuja kutoka Shinyanga akamsihi awachome wote. Mama alimjibu, "Nikiwachoma nitakuwa nimekubali."

Kesho yake aliitoa meza ya baba barazani, mbele ya njia, akaanza kufanya kazi mchana kweupe. Siku ya tatu sungusungu walifika, wakiongozwa na Mzee Adam, kamanda wa mtaa. Walikuwa na marungu. Sisi watoto tuliokuwepo tulisimama nyuma ya mama. Mama aliwaamkia wakubwa zake kwa heshima, akaagiza viti.

Mzee Adam hakukaa. Alisema, akimwita mama kwa Kisukuma, "Mayu, watu wanasema ndani kwako kuna watu."

"Wapo, baba," mama alijibu. "Karibu uwaone."

Aliwaleta mmoja mmoja na kuwapanga mezani, akitaja jina la kila mmoja, ni mwana wa nani, wa kijiji gani, na alianguka wapi. Vijana wawili katika kundi lile walisikia jina la baba mdogo wao. Marungu yaliwekwa chini. Ndipo mama akamuuliza Mzee Adam kama kwao kuna aliyewahi kuvaa sare. Akasema baba yake alikuwa Keya, alirudi kutoka Bama akiwa hana sikio moja, na alipofariki hakuna aliyeuliza alipigania nini. Mama akamwomba akae amweleze sikio lipi. Alikaa hadi jua lilipopinda. Hakuna aliyesema tena habari za watu wadogo, kwa maana Mzee Adam alipita mwenyewe nyumba kwa nyumba akiwaeleza.

Mama alistaafu mwaka 2016. Kila Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, aliwapanga askari wake kwenye ukumbi wa parokia, na wanafunzi waliletwa na walimu wao kuwaona. Mwaka 2019 maofisa wa jeshi waliopita Kahama waliingia ukumbini, wakavua kofia, kisha wakazivaa tena na kupiga saluti mbele ya meza ile. Mama alisema saluti ile ilikuwa sahihi, ila ofisa mmoja viatu havikung'aa.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi. Alitibiwa Kahama na baadaye Mwanza, ambako madaktari walisema moyo umechoka. Tunawashukuru waliomhudumia. Alifanya kazi mpaka Juni mwaka huu, akiegemea mito, akimwagiza Lusia amshikie taa. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 2 Septemba 2025, baada ya kupokea Sakramenti na kunywa uji kidogo, aliaga dunia nyumbani kwake, mkono wake ukiwa katika mkono wa Vumilia. Alikuwa na umri wa miaka sitini na tisa.

Ameacha watoto wanne, wajukuu tisa na kitukuu mmoja, wakwe zake, mawifi na mashemeji wa ukoo wa Bujiku, na wagonjwa wake wote wanaotembea.

Familia inaomba tangazo moja lisikike. Mezani kwa mama wapo askari ambao wenyewe hawajawafuata. Jina la kila mmoja limeandikwa chini ya kibao alichosimama. Baada ya maziko, tafadhali piteni mwaangalie. Mkimwona wenu, mchukueni mwende naye nyumbani. Mmoja bado hana mkono, na Lusia, aliyefundishwa kazi hii na mama, atammalizia.

Mama, umewasimamisha wengi. Sasa lala. Mungu akupe amani, upumzike.