Mama Anayekata Tiketi

Kwenye kiti cha mbele yangu ndani ya basi alikaa mama mmoja fundi cherehani, akitazama mieleka kwenye simu. Jirani yake, fundi bomba aliyepakata mkoba wa spana, alichungulia akauliza, "Mama, hiyo unalipia?"

"Kila mwezi, kaka yangu. Na wanamieleka wakija ukumbini nakata tiketi mlangoni."

Fundi bomba akacheka. "Mimi naangalia bure kwa shemeji. Utalipiaje kitu ambacho mshindi ameshapangwa?"

"Mshindi hupangwa, maumivu hayapangwi. Huyo mwenye nguo ya njano ni binti yangu. Nguo nimeshona mimi. Juzi alirudi bega limevimba, nikamkanda kwa maji ya moto mpaka akasinzia."

Mimi niliyekuwa nachungulia bure pia, nikageukia dirishani.

"Basi hapo ndipo unanichanganya," akasema fundi bomba. "Mama mzazi anakatishwaje tiketi?"

"Alinipa ya bure, nikakataa. Alipochagua kazi hii, ukoo mzima ulimcheka. Nataka ajue kwamba mtu wa kwanza kumlipia ni mimi."

"Hapana, mama. Mzazi kuingia bure ndiyo heshima yenyewe!"

"Heshima ni kulipa."

Basi likasimama kwenye kituo changu. Nilipokuwa nashuka, fundi bomba bado alikuwa anabisha, lakini macho yake yalikuwa kwenye simu ya mama. Binti alimwinua mpinzani wake juu ya mabega, na aliyepiga kelele za furaha kwanza hakuwa mama.