Mwewe wa Mpini Mfupi

Duka la Bi Moshi halijauza sigara tangu mumewe alipofariki, lakini benchi lake bado linauza maneno. Liko Yoshino, ukingoni mwa barabara, likitazamana na kiwanda cha mbao cha Nakatsuji, na kando yake imesimama mashine ya kahawa ya makopo ambayo wakati wa baridi hutema kopo la moto la kupashia viganja kwanza na koo baadaye. Saa tisa alasiri msumeno mkubwa unaponyamaza kwa mapumziko, wenye kijiwe huwa wameshaketi. Yuko Posta, aliyepeleka barua bonde zima mpaka akastaafu, na kustaafu hakukumzuia kujua yaliyomo. Yuko Vijiti, mchonga vijiti vya kulia wali kwa mabaki ya mbao. Yuko Bi Moshi mwenyewe, Fusae kwa jina la kuzaliwa, na blanketi lake magotini. Wa nne hutoka kiwandani na vumbi la mbao nyusini, naye ni Shigezo, mbingirisha magogo. Hapa kijiweni hakuna anayemwita Shigezo. Ujanani alikuwa akitundika taa za sikukuu ya hekalu bila ngazi, wakamwita Mlingoti, na Mlingoti akabaki.

Siku hiyo Mlingoti alivuka barabara na mwewe wawili mabegani. Mwewe ndicho chombo cha kazi yake: mpini wa mwaloni wenye chuma kichwani, kimepinda mfano wa mdomo wa ndege huyo. Unamdunga gogoni, unavuta, gogo linabingirika kuelekea msumeno. Mwewe wake wa zamani alikuwa amenolewa miaka nenda miaka rudi hadi mdomo umebaki butu kama kidole gumba. Wiki iliyopita aliteleza gogoni mara mbili, na mara ya pili gogo likarudi nyuma, nusura limvunje mguu. Mlingoti aliwaambia wenzake kwamba gogo lilikuwa limelowa. Bosi alikuwa dirishani ofisini na kikombe chake cha chai, akaona yote, hakusema neno.

Sasa huyu wa pili alikuwa mpya kabisa, chuma kinameremeta. Mlingoti akawaegemeza wote wawili kwenye mashine ya kahawa.

— Nimemkuta asubuhi kwenye msumari wangu wa kofia, alisema. Wa zamani kawekwa sakafuni. Hakuna aliyeniambia kitu.

— Na bosi? akauliza Posta.

— Kaenda soko la magogo tangu alfajiri. Atarudi kabla ya king'ora cha kurudi kazini.

— Nakatsuji huyuhuyu? Bi Moshi akakunja uso. Mkono wa birika yule? Si ndiye aliyekataa kununua balbu ya choo mpaka watu wakawa wanakosea mlango?

— Ndiye.

— Basi kuna jambo.

— Lipo, tena kubwa, Posta akafungua kopo lake. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na huyu kajitembeza mpaka msumarini!

Mlingoti hakucheka. Tangu asubuhi alikuwa akifanya kazi na mwewe wa zamani kwa makusudi, kiuno kikimuuma, huku yule mpya akimtazama kutoka ukutani.

— Mimi nimeshaamua, akasema. Bosi akirudi, nawalaza wote wawili miguuni pake namwambia kwaheri. Nikingoja anifukuze nitaaibika. Bora nijifukuze mwenyewe.

— Ukae nyumbani ufanye nini? akauliza Bi Moshi.

— Nitazame televisheni.

— Unaichukia televisheni.

— Nitajifunza kuipenda.

Aliyasema kama mzaha, lakini hakuwa akitania. Mkewe hayupo tena, watoto wako Osaka, na magogo ndiyo pekee yaliyobaki ya kumwamsha asubuhi. Kuondoka kiwandani aliogopa kuliko alivyoogopa kuvunjika mguu.

— Usiondoke kabla hujajua mchezo wenyewe, akasema Posta. Sikiliza. Kiwanda kinauzwa. Mtu akitaka kuuza nyumba hupaka rangi mlango kwanza. Leo mwewe mpya, kesho utaona balbu ya choo. Mmekiona kidole gumba cha bosi? Kina plasta tangu Jumatatu.

— Kidole na kiwanda wapi na wapi?

— Mihuri, bwana wee! Gonga muhuri mkataba mzima, ukurasa kwa ukurasa, uone kama kidole hakitaumia.

— Acha zako, Vijiti akamkata. Siyo kuuza. Ni bima. Gogo likimwangukia Mlingoti na mwewe mbovu mkononi, kosa la bosi. Likimwangukia na mwewe mpya, kosa lake mwenyewe. Jamaa anajikinga. Ndiyo maana wakasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Mkuu hapo nani?

— Bima.

— Nyie wanaume mna macho ya kuangalia kahawa tu, akasema Bi Moshi. Hebu tazameni mpini.

Akainuka na blanketi lake, akawasimamisha mwewe wawili bega kwa bega. Yule mpya alikuwa mfupi kwa vidole vinne vizima.

Wabingirisha magogo wa bonde hili hawanunui mpini dukani wala hawaazimani. Kila mmoja huchonga wake, na akisimama nao unamfika chini ya kidevu, basi. Ukimwona mwewe umeshamjua mwenyewe kabla hajaja, na mpini wa Mlingoti ulikuwa mrefu kuliko yote kuanzia hapa hadi mtoni.

— Huyu si wako, Bi Moshi akasema taratibu. Kachongewa mtu mwingine.

— Nani?

— Mpwa wa bosi, yule wa Osaka. Kafupi, kanono.

— Anayekimbia nyigu?

— Huyohuyo. Unatolewa, anaingizwa. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

— Methali hiyo haihusu, akasema Vijiti.

— Inahusu vizuri sana. Kuku ni yeye, mguu ni wa Mlingoti.

Mlingoti akainamisha kichwa. Hilo ndilo aliloliogopa tangu asubuhi, na sasa limetamkwa na mtu mwingine likawa zito mara mbili.

— Na msumari! Posta akaruka. Si ulituambia mwenyewe, majani yalipoanza kupukutika, kwamba msumari wako wa kofia umeteremshwa?

— Uliteremshwa. Nikadhani ni fundi.

— Fundi gani! Walikuwa wanampimia mpwa! Wanakuondoa kidogo kidogo, ndugu yangu. Msumari kwanza, mwewe wa pili, wewe wa tatu.

— Subirini, subirini, Vijiti akamnyakua mwewe mpya, akatikisa mpini sikioni. Humu ndani kuna kitu.

— Kitu gani?

— Kijidude cha kuhesabu. Kila akidunga gogo, kinapeleka habari ofisini. Wenzetu wa mjini wanapimwa hivyo hadi chooni.

— Huo mti mtupu, Vijiti.

— Ndivyo wanavyotaka uamini.

— Au shida yao ni huyu wa zamani, akasema Bi Moshi, akimpapasa mwewe mkongwe. Chombo kikitumika miaka mingi huota roho. Bibi yangu alitupa ufagio bila kuushukuru. Asubuhi akaukuta mlangoni.

— Si jirani aliurudisha?

— Umeshaona jirani anarudisha ufagio?

Posta akasogea mbele, akapunguza sauti kana kwamba mashine ya kahawa nayo ina masikio.

— Sasa mimi nawaambia jambo, msinitaje. Mwezi uliopita nilimwona Nakatsuji akipanda kwenda hekalu la mlimani peke yake. Mtu mzima, mvua inanyesha, anakwenda kufanya nini? Kapigiwa ramli. Kaambiwa kiwanda hakitapata baraka mpaka aondoe kila kirefu kilichomo. Mlingoti wa kwanza. Bomba la moshi linafuata. Mti mkuu ukigwa, wana wa ndege huyumba.

— Mwana wa ndege nani?

— Bosi.

— Basi asingetaka mti ugwe.

— Ndiyo maana anaushusha polepole!

Vijiti akatia sarafu mashineni apate kopo la pili la kutafunia habari hiyo. Taa nyekundu ikawaka. Akabonyeza kwingine, nyekundu. Kahawa ya moto ilikuwa imekwisha, na hakuna shauri lililokatwa.

Kama aliyeitwa, gari dogo la kampuni ya kahawa likasimama. Akashuka mwanamke wa makamo ambaye hawakumjua, kofia ya kazi kichwani.

— Poleni na kazi, wazee wangu. Samahani, nifungue mashine.

— Kijana wa siku zote yuko wapi? Posta akauliza.

— Kahamishiwa njia nyingine.

— Kahamishiwa, Posta akarudia, akimkonyeza Vijiti. Unasikia?

Mwanamke akawatoa mwewe mlangoni mwa mashine, mmoja kila mkono.

— Hawa wa nani?

— Mrefu wangu, Mlingoti akajibu. Mfupi wa mtu mwingine.

— Mmejuaje?

Bi Moshi akamweleza kwa fahari habari ya mpini na kidevu, jinsi usivyoweza kudanganya. Mwanamke akasikiliza, akatazama mpini mfupi, akamtazama Mlingoti aliyeketi.

— Kwa hiyo, baba, wewe huu unakufika wapi?

Posta akachungulia ndani ya kopo lake tupu. Vijiti akajikuna shingo. Alasiri nzima walikuwa wamempima bosi, mpwa, bima na roho ya ufagio. Mlingoti hawakumpima.

— Sijajaribu, akasema Mlingoti.

— Si usimame tu?

Akasimama. Mwanamke akamsimamishia kwanza mwewe wa zamani, na ncha ya mpini ikamgusa chini ya pua.

— Acha kujikunja, Bi Moshi akamkemea. Simama wima.

— Nimesimama wima.

— Nyoosha mgongo, Mlingoti!

— Fusae, akasema. Nimesimama wima.

Mwanamke akaleta mwewe mpya. Mpini ukamfika chini ya kidevu, barabara, hata karatasi isingepita.

Mwanamke yule hakujua alichokifanya. Akarudi kwenye makasha yake, makopo yakaanza kugongana ndani ya mashine.

Mlingoti akabaki amesimama na mpini chini ya kidevu. Alikumbuka kabla ya kuteremshwa ule msumari, jinsi alivyokuwa akitundika kofia kwa ncha za vidole vya miguu, akijiambia kwamba ni viatu vizito. Alidhani hakuna anayemwona.

— Kidole gumba kile hakikuumizwa na mihuri, akasema. Kauchonga mwenyewe huu mpini.

— Vipimo alitoa wapi? Posta hakutaka kushindwa. Alikuja kukupima usingizini?

— Dirishani.

Masikio yakamwaka kwa haya. Mlingoti mzima, kapungua vidole vinne, na mtu aliyejua hilo kabla yake ni bosi! Lakini chini ya haya kulikuwa na kitu kingine, maana tangu mkewe afe hakujua kama kulikuwa na mtu bado anamtazama kiasi hicho. Akajifuta uso kwa taulo la shingoni, akalaumu vumbi la mbao.

Pikapu ya bosi ikakata kona na king'ora kikalia. Mlingoti akampangusa mwewe mkongwe toka mdomo hadi mpini, akamwinamia kidogo, kisha akamkabidhi Bi Moshi.

— Nitunzie. Asije akarudi mwenyewe.

Akavuka barabara na mwewe mpya begani. Nyuma yake akasikia vurugu benchini.

— Lete nami nijipime. Ulikuwa ukinifika puani huu, nakumbuka vizuri!

— Sasa hivi uko machoni, Posta.

— Basi umekua! Mwaloni hukua hata ukikatwa!

— Vaa miwani yako ukae chini. Lete hapa, zamu yangu.

Nakatsuji alikuwa bado ndani ya pikapu, kidole chenye plasta juu ya usukani, macho yake yakitazama kila mahali isipokuwa kwa Mlingoti.

— Anashikika? akauliza.

Mlingoti alikuwa na maneno ya kuaga aliyoyaandaa tangu asubuhi. Akayatafuta, hakuyaona.

— Mfupi, akasema.

— Nichonge mpini mwingine?

— Usijisumbue. Nitamzoea.

Bosi akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa habari za mvua, akaenda zake ofisini. Na mwewe yule mpya, kwa gogo la kwanza tu, alidunga mara moja akashika, gogo likaja bila ubishi.

Jioni, msumeno uliponyamaza, Mlingoti alimpangusa akamtundika msumarini. Akatupa jicho dirishani kuona kama kuna anayemchungulia. Kisha akaitundika na kofia yake hapohapo, nyayo zote mbili sakafuni, bila kuchuchumia.