Kurasa Mbili za Mwisho

Kwenye kiti cha mbele yangu basini, fundi cherehani mmoja, futi ya kupimia bado ikining'inia shingoni, alikuwa akimwonyesha muuguzi riwaya ya maktaba. Walikuwa wamekutana kituoni tu, lakini wapenzi wa vitabu hawangoji kutambulishwa.

"Dada, nimesoma kurasa mia tatu," alifoka. "Nafika mwisho, nakuta kurasa mbili zimechanika na mtu kazijazia kwa kalamu! Kamrudisha yule mume aliyetoroka, tena kamwombesha msamaha! Nani kamtuma?"

"Mbona mimi nililia pale?" alisema muuguzi. "Nikajua ndivyo kinavyoisha."

"Ulilizwa na tapeli! Mwandishi anayejua kuliweka neno kama 'mwanana' mahali pake, neno ninalolitamka hata nikishona, hawezi kuandika 'hatimaye' mara nne katika kurasa mbili."

Ni mara tatu, lakini nilinyamaza.

"Kwani ungependa ukute pengo?"

"Bora pengo! Pengo halinidanganyi."

"Haya, mwisho wenyewe ulikuwaje?"

Fundi alikifunga kitabu kwa kishindo. "Sijui! Na sasa sitajua, maana huyo mume karudi na hatoki tena kichwani mwangu. Leo mtu wa maktaba atanieleza."

"Mimi nitamshukuru," alisema muuguzi.

Hatimaye basi likasimama mbele ya maktaba. Wote wawili walishuka, bado wakibishana. Mimi, mwenye ufunguo wa mlango wa maktaba hiyo, niliendelea mpaka kituo kilichofuata.