Ukurasa wa Sitini na Moja

Ndugu wafiwa, majirani, na ninyi mliofanya naye kazi zamani na karibuni, nawasalimu kwa heshima ya msiba huu, mimi ndiye niliyemfuata marehemu ziwa, na nimekaa mahakamani miaka thelathini na moja kama karani, kazi yangu ikiwa kuandika maneno ya watu kama yalivyosemwa, si kama walivyotamani baadaye yangekuwa yamesemwa. Natanguliza hayo kwa sababu jana nililetewa karatasi iliyochapwa vizuri, yenye nembo ya shirika juu yake, nikaombwa niisome hapa kuwa ndiyo historia ya kaka yangu, na humo imeandikwa kwamba mwaka 2017 alistaafu kwa hiari baada ya utumishi uliotukuka. Karatasi hiyo nimeikunja mara nne, imo ndani ya mkoba wangu, mwenyewe anaweza kuja kuichukua tukimaliza. Nitakayoisoma ni hii niliyoiandika kwa mkono.

Marehemu kaka yangu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Agosti 1968, saa moja asubuhi, katika zahanati ileile ambayo mama yetu alikuwa mkunga, akiwa mtoto wa pili kati ya watano, na inasemekana mama alimaliza kwanza kumzalisha mwanamke mwingine ndipo naye akapanda kitandani, kwa hiyo kaka alijifunza kusubiri zamu yake kabla hata ya kuliona jua. Baba yetu alikuwa fundi cherehani, chumba cha mbele kilikuwa cha nguo za watu, na kazi ya kaka, tangu alipojua kuhesabu, ilikuwa kupanga vifungo kwenye makopo na kuviandika katika daftari. Siku moja kilipotea kifungo cha koti la mteja, sisi wanne tukawa tumekwisha kubaliana kwamba ni paka, yeye akasimama mbele ya baba akasema amekimeza, akanyweshwa mafuta ya nyonyo, na sisi tukacheka wiki nzima. Naikumbuka habari hiyo kwa sababu maisha yake yote yaliyofuata yalikuwa ni kifungo kilekile.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1976 hadi Novemba 1982, sekondari 1983 hadi 1986, kisha kidato cha tano na cha sita, ambako alifaulu fizikia na hesabu kwa alama za juu, ingawa mwenye akili nyumbani kwetu nilikuwa mimi, na hilo alikuwa akilikubali mwenyewe. Septemba 1989 aliingia chuo cha urubani, na tarehe 9 Machi 1990 alirusha ndege peke yake kwa mara ya kwanza, dakika kumi na mbili, akaziandika kwenye mstari wa kwanza wa kitabu chake cha saa. Kwa wasiokijua, hicho ni kitabu ambacho rubani huandika kila safari, tarehe, ndege, alikotoka, alikofika na muda aliokaa angani, na kila ukurasa ukijaa mkuu wake huthibitisha kwa sahihi na mhuri, kwa sababu saa ambazo hazijathibitishwa, mbele ya mwajiri mwingine, ni hadithi tu za barazani.

Tarehe 1 Juni 1992 aliajiriwa na shirika la ndege kama rubani msaidizi, mwaka 2001 akawa kapteni, na mwaka 2006 akawa mkufunzi, wenzake wakimwita Kapteni Orodha, kwa kuwa hakugusa kitu ndani ya ndege bila kusoma orodha ya ukaguzi kwa sauti, hata kama ameisoma mara elfu. Wengi mlioketi safu ya mbele na mashati meupe mmepita mikononi mwake. Mkuu wa marubani wa leo, ambaye namwona kwenye kiti cha pili kutoka kushoto, alifundishwa naye kutua penye upepo wa ubavuni, akashindwa mara sita, na kaka akaandika mara zote sita kwamba mwanafunzi anaendelea vizuri, huo nadhani ndio uongo pekee aliowahi kuuandika kwa wino.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 12 Desemba 1998, na wifi yangu, mwalimu wa ushonaji, na aliyewasimamia siku hiyo ni huyohuyo wa kiti cha pili, kwa hiyo nyumbani mwao tangu hapo hakuwa mgeni, alikuwa shemeji. Walijaaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 2000, ambaye ni mpima ardhi, na kijana aliyezaliwa mwaka 2003, ambaye ni mpishi na hapendi ndege hata kidogo.

Sasa nakuja kwenye mwaka 2016, na naomba wenye simu wazizime. Mwezi wa Novemba marubani wanane walikuwa wagonjwa au wamehama, ndege zilikuwa zilezile, ratiba ilikuwa ileile, na mkuu wa marubani, huyohuyo wa kiti cha pili, akampigia kaka simu kila baada ya siku mbili, neno lake likiwa moja, nisitiri wiki hii tu, ndugu yangu, na kaka akamsitiri. Sheria inamruhusu rubani saa mia moja angani katika siku ishirini na nane, kaka alikaa saa mia moja na kumi na nane, akijua, na hapo alikosea, sitakuja mbele ya jeneza lake nikamfanya malaika. Lakini alichokifanya baadaye ndicho kilichomponza, kwani zile saa aliziandika zote kama zilivyokuwa, kwenye kitabu cha tatu, ukurasa wa sitini na moja, na tarehe 2 Desemba akaandika ripoti kwamba marubani wanarushwa kupita kiasi, akianza na jina lake mwenyewe.

Tarehe 31 Januari 2017 shirika lilirudisha ndege mbili za kukodi kwa wenyewe, likatoa orodha ya marubani kumi na tisa wa kupunguzwa, na kwa mara ya kwanza orodha haikufuata nani alitangulia kuajiriwa, bali kitu kilichoitwa ufanisi, ambacho kilijazwa na mtu mmoja ofisini kwake. Kaka alikuwa wa tisa kwa kuajiriwa katika shirika zima. Barua aliikuta kwenye kisanduku chake cha chumba cha marubani, kati ya ratiba ya wiki na tangazo la mashindano ya mpira, na wenzake walikuwa wamekaa humo wanakunywa chai, hakuna aliyeinua macho. Hakuomba kustaafu, hakuwa na hiari, na nataka hilo liandikwe.

Machi mwaka huohuo shirika la nchi nyingine lilimwita, akafaulu usaili, akafaulu kwenye mashine ya mazoezi ya kurusha ndege, ikabaki kitu kimoja, sahihi kwenye ukurasa wa sitini na moja kabla ya tarehe 30 Aprili. Kaka alikwenda ofisi ya mkuu wa marubani mara saba, mara yupo kwenye kikao, mara amesafiri, mara njoo kesho, kesho ya nyani, na tarehe 19 Aprili ndipo alipokaribishwa ndani, akafungiwa mlango, akaambiwa kwa upole kwamba akinunua kitabu kipya, akanakili ukurasa ule na kuzipunguza saa zikaja chini ya mia, sahihi na mhuri atavipata hapohapo. Alijibu kwamba hawezi kumwambia mtu aliyekaa naye angani kuwa hawakukaa. Akatoka, na kazi ile ikaenda kwa mwingine, na mwingine mwenyewe yumo humu msibani, simlaumu, alikuwa na watoto.

Kwa miezi kumi na sita tangu barua ile kaka alikaa nyumbani. Alipiga pasi shati jeupe kila Jumatatu, akalitundika nyuma ya mlango, Ijumaa akalifua likiwa safi, na alianza kusoma orodha za ukaguzi jikoni, gesi imefunguliwa, kiberiti kipo, sufuria ipo mahali pake, mpaka wifi akamuuliza kama anachemsha chai au anairusha. Tulicheka, na yeye alicheka, kisha akaenda kukaa uani peke yake. Aliandika maombi arobaini na moja, na katika wale aliowafundisha, aliyempigia simu kumjulia hali alikuwa mmoja. Nilizihesabu simu hizo kwa sababu nilikuwa nakwenda kila Jumapili, na yeye kila Jumapili aliwatetea, akisema watu wana kazi nyingi, nami nilikuwa nanyamaza kwa kumheshimu. Leo sinyamazi.

Tarehe 4 Juni 2018 alipata kazi kwa mama mmoja mwenye kampuni ndogo ya mizigo, ofisi yake kontena lenye feni moja, ndege zake za injini moja zikibeba vipuri, barua na chanjo. Yule mama alifungua kitabu, akafika ukurasa wa sitini na moja, akauliza mhuri uko wapi, kaka akamsimulia yote bila kujipunguzia, na yeye akasema mtu anayejishtaki mwenyewe kwa wino hawezi kumdanganya kuhusu mafuta, kesho aje saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Alikalishwa kiti cha msaidizi chini ya kapteni wa miaka ishirini na saba, binti tunayemwita Kapteni Kidogo, ambaye siku ya tatu alimwambia, mzee, hapa mwalimu ni wewe lakini nahodha ni mimi, kaka akamjibu ndiyo, kapteni, na alirudi nyumbani siku hiyo akiimba. Alipakia mizigo kwa mikono yake, alifagia ndege, mwaka 2019 akawa kapteni tena, na wifi anasema miaka hiyo mitano ndiyo aliyolala usingizi.

Mwaka 2021 shirika lilipungukiwa na wakufunzi, likamwandikia barua ya kumrudisha, naye akajibu kwa sentensi moja, kwamba yuko tayari kuzungumza baada ya ukurasa wa sitini na moja kutiwa sahihi. Barua hiyo haijajibiwa hadi leo.

Septemba 2023 alikwenda kwenye uchunguzi wa afya wa marubani, macho yakapimwa, moyo ukapimwa, akaonekana mzima, na akiwa ameshika kitasa cha mlango aligeuka akamwambia daktari kwamba mkono wake wa kushoto hufa ganzi kwa sekunde chache, kwa wiki ya tatu sasa. Daktari alikuwa amekwisha kutia sahihi. Wanaoijua kazi hii wanajua kwamba rubani huficha hata mafua, lakini yeye alimeza kifungo akasema amekimeza, na tarehe 11 Oktoba leseni yake ilichukuliwa, ukaonekana uvimbe kwenye ubongo. Alifanyiwa upasuaji Januari 2024, akapata mwaka mmoja na miezi miwili, na alituaga Jumapili, tarehe 16 Machi 2025, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, wodi namba nne, kitanda cha dirishani, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita.

Jana saa nne asubuhi mkuu wa marubani alifika nyumbani na shada la maua, kofia ya shirika ya kuwekwa juu ya jeneza, na ile karatasi, akasema pia kwamba kwa heshima ya marehemu angependa kutia sahihi kwenye kitabu chake. Wifi alimpa chai, akaleta kitabu, akakifungua ukurasa wa sitini na moja, akaweka kalamu juu yake, akasema, haya shemeji. Alisoma mistari yote. Alishika kalamu muda mrefu, chai ikapoa, kisha akauliza kama hakuna ukurasa mwingine.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, ambao hawakutuficha kitu, majirani waliotufungulia majiko yao, mama wa kampuni ya mizigo, aliyesimamisha ndege zote leo, na Kapteni Kidogo, aliyemnyoa ndevu kila Jumamosi mkono ulipokataa. Wafanyakazi wenzake wa shirika tunawashukuru kwa kufika, kofia yenu tumeiweka kwenye kiti, jeneza litakwenda kama lilivyo.

Kitabu kiko juu ya meza ile, upande wa kichwa chake, kimefunguliwa palepale, na kalamu ni ileile ya jana. Kaburi linafungwa saa tisa, sasa ni saa saba na robo. Kalamu isipoguswa, kitabu anakichukua binti yake kikiwa hivyohivyo, naye asionee aibu nafasi hiyo tupu chini ya ukurasa, kwa sababu nimepitia safari moja baada ya nyingine, kama nilivyozoea kupitia majalada, na katika kila mstari, safu ya mahali alikofika imejazwa.

Pumzika kwa amani, kaka, paka hakuhusika.