Tundu la Katikati ya Bati

Risala ya wakaaji wa Avenue Chemchemi, Kadutu, Bukavu, mwaka 2001

Mgeni rasmi, Mheshimiwa, kabla hujakizoea kiti hicho, karibu.

Sisi wakaaji wa Avenue Chemchemi tumemtuma Papa Stanislas Cirimwami atusomee. Ni mbeba mizigo wa soko la Nyawera, shule aliiachia darasa la tatu, na amefiwa na mke. Yeye ameandika, sisi tumekubali. Neno "mimi" halimo, maana risala ni ya wote. Kwa hiyo naye humu anatajwa kama mtu mwingine.

Chefu wetu wa avenue, Papa Jean-Baptiste, alimwambia jana, "Stanislas, anza na merci. Wakubwa wanapenda merci."

Basi merci kwa kuja. Hiyo imekwisha.

HISTORIA YA KILIMA

Kilima kilicho nyuma yako kilikuwa cha maharage na muhogo wa sombe. Vita vikaja, vya kwanza na vya pili, na kila jeshi lililopanda pale lilisema limekuja kutulinda. Hili la sasa lilikuja na Commandant Léopold, na Commandant alikuja na bunduki za kila kabila: FAL za jeshi la zamani, Simonov, na Kalash. Yeye na wenzake walibishana juu ya hizo bunduki kama watu wanavyobishana juu ya mpira. Ukipiga risasi mojamoja, ipi inalenga sawasawa? Huyu alisema FAL, yule Simonov. Wakaona wapime.

Wao walilala na bunduki zao juu kileleni. Bati la kulenga wakalisimamisha chini yao, ukingoni. Nyuma ya bati lazima kuwe na udongo wa kuzima risasi. Nyuma ya udongo ni sisi.

Udongo huo tuliubeba wenyewe, Jumamosi ya salongo, ile kazi ya lazima ya mtaa, kwa mabeseni na magunia, kwa amri. Mtu wa mteremko huu anajua kwamba udongo uliorundikwa bila kupandwa majani ni mgeni tu, mvua ikiaga nao unaaga. Tukaomba turudi kupanda. Tukaambiwa kilima kimekuwa cha jeshi, raia hapandi tena.

Domitille, bibi ya Stanislas, yaani mke wake, akatua beseni lake mbele ya Commandant.

"Commandant, hizi risasi hazitatufikia huku chini?"

"Maman, usiogope. Bunduki ya muzuri haikosee."

"Kama haikosee, munapima nini?"

Watu walicheka mpaka mabeseni yakaanguka. Hata Commandant alicheka. Stanislas peke yake hakucheka. Alimvuta bibi yake kwa ncha ya kitenge. "Nyamaza, mama Bintu."

"Ninyamaze na udongo wao iko ku kichwa yangu?"

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, risala isiyo na mafanikio haipokelewi. Tunayo.

Tumejifunza bunduki. Zamani kwetu bunduki ilikuwa bunduki. Leo hata bibi kizee wa avenue hii, akiwa amelala kifudifudi chini ya kitanda, atakuambia ni ipi. FAL inapasua hewa kavu, na risasi yake inakwenda moja kwa moja kama mtu anayeijua nyumba. Simonov si mbaya, lakini ikikosea inachoka njiani, inauma migomba. Kalash, hata ukiipiga mojamoja kwa adabu, ikishapata moto inakuwa mlevi anayerudi nyumbani: inabisha kila mlango.

Commandant alipima matundu ya bati kwa mita ya fundi, akatoa matokeo. FAL ya kwanza, Simonov ya pili, Kalash ya tatu. Nasi, kutoka chini ya vitanda, tulikuwa tumefikia matokeo yaleyale. Ni mara moja tu wakubwa na sisi tumepatana.

SHIDA

Mvua ya Machi iliuchukua ule udongo wote, ukashuka hadi kwenye choo cha Papa Jean-Baptiste. Yeye mwenyewe alipanda kuwaambia: nyuma ya bati kumebaki hewa. Commandant Léopold akamjibu, "Fainali ya FAL na Simonov ni kesho. Haiahirishwi kwa sababu ya matope."

Kesho yake Domitille aliketi uani, kwenye kigoda chake, akichambua majani ya sombe. Stanislas alikuwa anapanda kutoka Nyawera na sambaza, dagaa wa ziwa letu, ndani ya mfuko, kwa sababu bibi yake alikuwa na msemo kwamba sombe bila sambaza ni majani ya mbuzi. Akasikia mlio mmoja mkavu, halafu makofi huko juu. "FAL," akajisemea, "na imepiga." Akaendelea kupanda, na hata alijisikia vizuri kidogo, kama mtu aliyejibu swali la mwalimu.

Alipofika uani majani yalikuwa yamemwagika. Domitille alikuwa ameinamisha kichwa juu ya beseni kama anayesinzia.

Baada ya matanga Stanislas alishuka Ibanda, kwenye maofisi ya kando ya ziwa. Wakubwa walimsikiliza wamesimama, ili asikae. Wakamwambia, "Papa, pole sana. Lakini siku ile hakuna risasi iliyokosa. Zote zimepiga bati. Kwa hiyo iliyomupata bibi yako si ya kwetu."

Amebeba magunia ya muhogo, ya sementi, ya chumvi. Hajabeba kitu kizito kama jibu lile.

Siku moja walinzi walipokuwa wanakunywa kasiksi, pombe ya ndizi, alipanda hadi kwenye bati. Katikati kabisa palikuwa na tundu lililozungushiwa mkaa kwa heshima, maana hilo ndilo lililoshinda fainali. Akaweka jicho. Akaona ua wake. Akaona kigoda.

Basi walisema kweli. Haikukosa.

Bunduki hatuilaumu, chuma hakina macho. Aliyeambiwa udongo umekwenda, naye akasema "piga," tunamjua. Ameketi mkono wako wa kuume, anakunywa Fanta yetu.

OMBI

Chefu alitaka tuombe bomba la maji, dispensari na mabati ya shule. Tumeyafuta yote. Tuna moja.

Tumeambiwa leo, sherehe ikiisha, kuna bunduki mpya itakayoshindanishwa na FAL mbele yako, kwenye bati lilelile, na kwamba tutoke majumbani tukasimame barabarani. Hatutoki. Wenye watoto hawatoki, na wagonjwa hawatoki. Tunaomba upige marufuku kulenga kilimani pale, leo na siku zote. Kama lazima mpime, villa za Ibanda zina kuta nzuri za mawe, lengeni huko.

Asubuhi Commandant alitupitia. "Musiogope. Hii ya mupya haikosee hata kidogo."

Safari hii hakuna aliyecheka. Tuliingia ndani kuchukua kiti.

Maana sisi Bashi, wenyeji wa hapa, mgeni tunampa mahali pa mwenye nyumba. Mheshimiwa, kiti chako tumekiweka pale palipokuwa kigoda cha Domitille. Geuza shingo, utazame juu. Ule mwanga mdogo katikati ya bati ni mbingu, inapita kwenye tundu.

Wakianza kupiga, wewe ukikaa, nasi tunakaa. Ukisimama, utakuwa umelijibu ombi letu, na hatutahitaji barua.

Mungu akujalie siku nyingi kuliko wale waliobeba udongo, akulindie bibi yako nyumbani, na akupe sasa hivi neno la kusema.

Ni sisi, wakaaji wa Avenue Chemchemi. Tumekaa.