Wakili Aliyekuja Kunizika Nikiwa Chooni

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Na asifiwe tena, maana mara ya kwanza wengine mlikuwa bado mnagombania viti vya mbele ya feni.

Mimi ni Mzee Barasa wa Ndabibi. Wengi mnanijua, na msionijua mmeshasaga mahindi kwangu. Nilizaliwa Longonot kwenye nyumba za reli, baba yangu alitoka magharibi kuja kupiga nyundo kwenye njia ya gari la moshi. Shule niliacha darasa la tatu. Nimechimba mitaro Olkaria, nimeuza kabeji kando ya barabara, nikanunua shamba kipande kwa kipande mpaka majirani wakaanza kuniamkia kwanza. Sikusaidiwa na mtu. Mungu tu, na mgongo wangu.

Lakini ndugu zangu, nilikuwa nimefungwa! Sikufungwa na pombe wala uchawi. Nilifungwa na hofu ya kutaja kifo changu. Kwetu tunasema mtu akiandika wosia, kifo kinaona amemaliza kazi, kinamjia. Mwanamume akifa, ukoo hukaa chini siku ya kunyoana nywele baada ya mazishi, wazee husema mali iende hivi na hivi, basi. Mke wangu, Mama Nekesa, aliniuliza mara nyingi, kwa upole, ningemwacha vipi. Nilikuwa namwambia, ng'ombe hagawanywi akiwa anakamuliwa. Nilidhani hayo ni maneno ya hekima. Yalikuwa maneno ya mwoga mwenye sauti kubwa.

Mjue pia kwamba Mama Nekesa ni mke wangu wa pili. Wa kwanza Mungu alimchukua, akaniacha na wavulana wawili, Wekesa na Simiyu. Huyu Mama Nekesa ndiye aliyewaosha, akawalisha, akawapeleka shule. Binti yetu Nekesa ameolewa Eldoret.

Basi mwaka jana utumbo wangu ukajikunja. Nikapelekwa Nakuru, nikapasuliwa, nikashonwa kama gunia. Mchungaji alikuja kuniombea hata akanikabidhi kwa Bwana, na Bwana akanirudisha kwa mchungaji! Nilipotoka, kanisa likapanga kuja kwangu Jumamosi kwa maombi ya shukrani.

Otieno wa tenti akaleta tenti. Nilikuwa nimetaka ile nyeupe ya arusi, lakini ilikuwa imeenda Longonot, akaleta ile yenye ukingo wa zambarau, ile ya matanga. Nikasema kivuli ni kile kile. Wanangu wakaweka meza mbele, juu yake picha yangu kubwa, na maua pande zote. Na Mama Nekesa, wiki hiyo hiyo, dawa ya nywele ilikuwa imemchoma kichwa, akanyoa zote. Sasa ndugu zangu, jichoreni picha hiyo. Tenti ya zambarau. Picha ya mzee katikati ya maua. Mama amenyoa kichwa kama mjane. Na mimi mwenyewe nimeshika fimbo yangu, nimeenda choo, nyuma ya tenti, mahali ambapo mtu aliyeshonwa tumbo haharakishwi.

Gari dogo likaingia. Akatoka, nilivyosimuliwa baadaye, kijana mwenye suti nyeusi, na chini ya suti amevaa gambuti, vile viatu virefu vya mpira. Alikuwa wakili Kariuki, mwenye ofisi ghorofani pale Naivasha, juu ya duka la dawa za mifugo. Mimi nilikuwa simjui. Turubai ya tenti ni nyembamba, nilisikia kila neno.

Akawapa pole wanangu kwa msiba. Akasema mzee alikuwa nguzo ya Ndabibi, pengo lake halizibiki. Nikawaza, ni mzee gani huyo tena, na mbona sikuambiwa.

Wekesa akamjibu, "Hajafa. Yuko chooni."

Kisha nikamsikia wakili akiuliza, pole pole, "Yule wa kwenye picha?"

"Huyo huyo. Anachukua muda."

Kijana akaomba msamaha, akasimama aende zake. Lakini Simiyu wangu, huyo anayeinamisha kichwa pale, akamwambia aketi, chai iko tayari, na kwa vile ameshafika awaeleze jambo. Kama mzee angebaki Nakuru, shamba la juu lingekuwa la nani?

Ndugu zangu, nilisikia kesi yangu ya urithi nikiwa hai! Wekesa akasema shamba la juu ni lake, yeye ndiye kifungua mimba. Simiyu akasema kifungua mimba achukue mimba, lakini tangi la maji na mashine ya kusaga ni vyake. Wekesa akasema mashine bila maji ya mwenyewe ni chuma tu. Wakapandishiana sauti. Wakafika mpaka koti langu la baridi, lile la kijani. Koti! Nimelivaa asubuhi hiyo hiyo! Nilikuwa nalo pale chooni!

Wakili akauliza swali moja tu. "Na mama?"

Kisha Simiyu akasema, "Mama ataenda Eldoret kwa Nekesa. Huko kuna nafasi."

Hapo Mama Nekesa alikuwa akimimina chai. Nilisikia chupa ikiwekwa mezani. Akasema, hata hakupandisha sauti, "Miti ya mpaka niliipanda mimi, mvua ikininyeshea, na wewe Simiyu ukiwa mgongoni. Lakini sawa. Nitafungasha."

Ndugu zangu, kisu cha daktari sikukisikia, nilidungwa sindano ya usingizi. Hiki nilikisikia chote. Nilielewa kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikimfungashia mizigo huyu mama, miaka yote, kwa kunyamaza kwangu. Nikasema, Bwana, kama ulinirudisha kutoka Nakuru, si kwa ajili ya kuja kuimba tu!

Nikatoka. Nikazunguka tenti na fimbo yangu na koti langu la kijani. Wakili akaangalia picha, akaniangalia mimi, akaangalia picha tena, chai yote ikaenda kwenye gambuti. Nikamwambia, "Kijana, ulitafuta maiti, umepata mteja. Keti." Wanangu walisimama kama watoto waliopatikana kwenye sukari.

Mchungaji na kanisa walipofika tukaomba, nikasimama nikasema mbele ya wote kwamba Mama Nekesa hafungashi hata kijiko. Mlikuwepo. Mlidhani ni dawa za hospitali zinaongea.

Wiki iliyofuata nikapanda zile ngazi pale Naivasha. Nikamuuliza wakili ilikuwaje akanizika bila kuuliza. Akanieleza bila kuficha. Wateja wa mirathi ni shida kupata. Sheria haimruhusu kujitangaza kama muuza mitumba. Basi asubuhi anasikiliza matangazo ya vifo redioni, na akiona lori la Otieno limebeba tenti ya zambarau, analifuata. Gambuti anaziweka kwenye gari kwa sababu ya udongo wa makaburini. Anakaa nyuma, anaimba na waombolezaji, anangoja mtu amuulize anafanya kazi gani. Akaniambia wengi wanaomwita huwa wameshapigana, kesi inakaa kortini hadi watoto wanaota ndevu.

Nikamuuliza, "Daktari gani hungojea wagonjwa mochari?"

Akageuka kutazama digrii yake ukutani. Nikamwambia aache kufuata lori. Aende kwa watu wanaopumua. Aje kanisani, aeleze sheria bure, asimwombe mtu kazi, anyamaze. Mwenye shida atazitafuta ngazi mwenyewe. Mimi niliuza kabeji, najua: kabeji huuzwa ikiwa mbichi.

Kisha akaandika mambo yangu. Nyumba na shamba la juu, jina langu na la Mama Nekesa pamoja, mmoja akienda mwingine anabaki navyo. Vingine nikavigawa kwa wosia, wavulana na Nekesa pia, maana naye ni damu yangu. Mashahidi wawili, watu wasiorithi kwangu hata kuku. Nikatia sahihi kwa kalamu. Si dole gumba. Darasa la tatu lilitosha.

Nikarudi nyumbani kungoja kifo. Msicheke, nilikuwa nimekiamini tangu utoto! Mchana nikaoga, nikavaa suti, nikajinyoosha barazani juu ya magunia ili nisiwasumbue watu. Nikafumba macho. Akaja Mama Nekesa, akasimama juu yangu.

"Baba Nekesa," akasema, "kama umemaliza kufa, ondoka hapo. Nataka kuanika maharagwe."

Nikaondoka! Na ile hofu ikaondoka nami, haijarudi hadi leo. Haleluya!

Wekesa alikubali mgawo huo upesi. Simiyu alinuna mpaka mavuno, halafu siku moja akaja na miche, akaziba mapengo kwenye mpaka wa mama yake. Namshukuru Mungu. Namshukuru Mama Nekesa. Mama, simama wakuone. Siku hizi nikipaza sauti nyumbani ananikumbusha kwamba niko kwenye shamba lake pia, na ni kweli, nanyamaza.

Ndugu zangu, mkabidhini Bwana maisha yenu, na mkimkabidhi, msiogope kutaja mwisho wa maisha hayo. Yule pale nyuma karibu na mlango, mwenye viatu vya kawaida, ndiye wakili Kariuki. Leo hakufuata lori, nimemwalika mimi. Baada ya ibada atakuwa pale nje chini ya tenti. Ndiyo, Otieno ameleta ile ya zambarau tena. Msiiogope. Ingieni mkiwa mnatembea kwa miguu yenu.