Ruphin Kabange, Mchora Pancarte wa Kamalondo

Familia imeniomba mimi, Jeannot, mdogo wake, niwasomee maisha ya kaka yetu.

Ruphin Kabange alizaliwa Kamina tarehe 9 Februari 1969, mtoto wa kwanza wa Papa Faustin, mfanyakazi wa reli, na Mama Chama. Mwaka 1976 baba alihamishiwa Lubumbashi, tukakaa Kamalondo. Shuleni walimu walisifu mwandiko wake. Hesabu ilimshinda, naye hakuficha. Baba alipougua, Ruphin aliacha masomo akaenda kujifunza kuchora herufi kwa fundi mmoja, Mzee Ngosa.

Mwaka 1996 alifungua karakana yake, Kabange Publicité. Alianza kwa brashi na bati, akiwatengenezea pancarte, yaani mabango, wenye saluni na baa za mtaa. Baadaye magereji, maduka ya dawa na kampuni za usafirishaji za njia ya uwanja wa ndege wa Luano zikamjua.

Desemba 2001 dhoruba iliangusha pancarte aliyoitundika juu ya duka la dawa huko Bel-Air. Ilimwangukia msichana aliyekuwa akiuza beignets, maandazi yetu ya mviringo, chini yake, ikamvunja mkono. Mwenye duka alimshauri Ruphin anyamaze, waseme ni upepo tu. Lakini siku ileile Ruphin alikwenda hospitalini, akasimama mbele ya baba wa msichana.

"Papa, ile pancarte ni miye niliitundika. Sikuifunga muzuri."

Mzee alimtazama. "Sasa mutoto yangu atatumika kazi na mukono gani?"

"Mpaka atapona, nitatumika pa nafasi yake."

Hakuwa anatania. Kila asubuhi, kabla ya kufungua karakana, alikaanga beignets na kuziuza palepale, wateja wakicheka rangi iliyoganda kwenye vidole vyake. Jioni alipeleka mauzo yote kwa mgonjwa. Msichana huyo ni Virginie. Anasema beignets za Ruphin zilikuwa mbaya kabisa, na kwamba alianza kumpenda siku alipozionja. Walifunga ndoa kanisani tarehe 16 Agosti 2003, na baba mkwe ndiye aliyecheza kuliko sisi sote.

Miaka ya karibuni kisukari kilimdhoofisha macho. Herufi zilipoanza kumchanganya, alimwachia karakana binti yake Gaëlle, anayefanya kazi kwa kompyuta. Haikuwa rahisi kwake. Alikaa mlangoni akimwuliza kila mteja anaionaje kazi ya mtoto. Wakiisifu, alikohoa na kugeuza uso ili wasimwone.

Mwezi Machi mwaka huu figo zilishindwa kufanya kazi. Alifariki hospitalini Jumatano tarehe 14 Mei 2025, saa nane mchana, Virginie akiwa kando yake.

Ameacha mjane, Virginie; watoto watatu, Gaëlle, Paulin na Ariel; sisi wadogo zake; na wafanyakazi wa karakana, waliomwita Papa.

Bwana ampe pumziko, na sisi atupe nguvu ya kurudi nyumbani bila yeye.